Mwenda Pole Hajikwai: Somo Kuhusu Gari la Chini na Barabara Zetu



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la watu wachache wenye uwezo: gari la michezo, lile lililolala karibu na ardhi, na taabu linayopata penye matuta, mitaro na makorongo. Tumelichagua kwa sababu taabu hiyo haimhusu mwenye gari peke yake. Dereva anayeogopa kukwaruza tumbo la gari lake hutafuta mahali pengine pa kupitia, na mara nyingi mahali hapo pana mtu: mtoto anayetoka shuleni, mama aliyejitwika mzigo, au mwendesha pikipiki anayekuja kutoka upande wa pili. Hapo ndipo suala la bati hugeuka kuwa suala la uhai.

Tumeliweka somo hili Masaka, na wasomaji wetu wa mipakani wataelewa upesi kwa nini. Masaka ni umurenge wa wilaya ya Kicukiro, mashariki mwa Jiji la Kigali, kandokando ya njia kuu inayopita Kabuga na Rwamagana hadi Kayonza. Pale Kayonza njia hugawanyika: moja huelekea Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania, na nyingine Kagitumba, kwenye mpaka wa Uganda. Masaka ndipo ilipo bandari kavu iitwayo Kigali Logistics Platform, iliyozinduliwa mwezi Oktoba 2019, ambayo hupokea shehena zinazopanda kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Masaka pia ina hospitali, na kwa hiyo ina magari ya wagonjwa. Lori la makontena, gari la wagonjwa, pikipiki ya abiria, baiskeli yenye ndizi na gari dogo la kasi hukutana katika eneo moja. Tena, mtu akiiacha lami na kuingia mitaani, hatua chache tu zamfikisha kwenye barabara ya udongo, yenye mtaro upande mmoja na mteremko upande wa pili. Yanayotokea hapo ndiyo yanayotokea pia katika miji na vijiji vyetu vya mpakani.

Tumbo la gari ni nini?

Tunaposema kimo cha tumbo la gari, tuna maana ya nafasi iliyopo kati ya ardhi tambarare na sehemu ya chini kabisa ya gari, ukiacha magurudumu. Sehemu hiyo yaweza kuwa sampu ya mafuta ya injini, bomba la ekzosi, au kingo ya bampa la mbele. Magari mengi ya michezo yana kimo cha sentimita 10 hadi 13. Magari makubwa yaliyotengenezwa kwa barabara mbovu huwa na zaidi ya sentimita 20.

Watengenezaji hawakulishusha gari la michezo kwa mapambo tu. Gari lililo chini haliyumbi sana kwenye kona, kwa kuwa uzito wake uko karibu na ardhi, na upepo unaopita chini yake ni mchache. Faida hiyo, hata hivyo, ilikusudiwa barabara laini. Kwenye barabara yenye tuta, faida yageuka kuwa deni, na deni hilo hulipwa kwa subira ya dereva.

Msomaji asiye na gari la michezo asidhani kwamba somo hili halimgusi. Gari dogo la kawaida lililopakiwa watu kupita kiasi, pamoja na magunia kwenye buti, hushuka sentimita kadhaa, hasa upande wa nyuma. Springi zake zikiwa zimechoka, hushuka zaidi. Gari lililotoka gereji likiwa na kimo cha sentimita 15 laweza kufika kwenye tuta likiwa na kimo cha gari la michezo, na dereva wake asijue.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kupima. Egesha gari mahali tambarare, likiwa na watu na mizigo unayobeba kwa kawaida. Kata kipande cha karatasi ngumu ya boksi chenye kimo cha sentimita 10, kisha ukipitishe chini ya gari ukikishika kwa kijiti kirefu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, mbele, katikati na nyuma. Kikigusa, umejua mahali palipo dhaifu. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari, na kamwe usifanye kipimo hiki gari likiwa limeinuliwa kwa jeki.

Mahali patatu pa kugusa

Gari la chini hugusa ardhi kwa namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Namna ya kwanza ni pua. Bampa la mbele limetangulia magurudumu, hivyo hukutana na mpando kabla magurudumu hayajapanda. Tuchukue gari ambalo bampa lake liko sentimita 14 kutoka ardhini na limetangulia gurudumu kwa sentimita 90. Likifika penye mpando unaoinuka sentimita 20 kwa kila mita moja, ardhi iliyo chini ya bampa itakuwa imeinuka sentimita 18 wakati gurudumu lingali mwanzoni mwa mpando. Bampa litagonga, hata dereva akienda polepole kiasi gani.

Namna ya pili ni tumbo. Magurudumu ya mbele yamekwisha kuvuka, ya nyuma bado, na tuta liko katikati. Kadiri magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavyokaa mbali, ndivyo tumbo linavyozidi kuwa hatarini.

Namna ya tatu ni mkia. Gari linaposhuka kutoka kwenye mpando mkali na kuikuta ardhi tambarare, au linapoondoka mtaroni, sehemu ya nyuma huburuza. Hapa ndipo ekzosi nyingi hung'oka.

Tuta fupi na tuta refu

Watu wengi huamini kwamba ubaya wa tuta ni kimo chake. Kimo kina sehemu yake, lakini urefu wa tuta, yaani kipimo chake kwa kufuata mwelekeo wa safari, una uzito uleule au zaidi. Tutoe mfano kwa hesabu.

Miaka ya 1970 huko Uingereza, watafiti wa barabara walijaribu maumbo mbalimbali ya matuta. Umbo lililokuja kuenea katika nchi nyingi lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, nalo limejengwa kwa mviringo wa taratibu kama mgongo wa kobe. Chukua sasa gari la michezo ambalo umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mita 2.6, na kimo cha tumbo lake ni sentimita 12. Likiwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yote manne yamo juu ya tuta. Mgongo wa tuta unaoingia katika nafasi ya tumbo ni sentimita 5 tu. Zinabaki sentimita 7, na gari hupita salama.

Sasa chukua tuta lenye kimo kilekile cha sentimita 10, lakini lenye urefu wa mita moja, kama yale ambayo watu hujijengea kwa udongo na saruji mbele ya nyumba zao. Gari likifika katikati, magurudumu ya mbele yameshuka upande wa pili na ya nyuma yamebaki upande wa kwanza, yote yakiwa kwenye ardhi tambarare. Tuta zima, sentimita 10 kamili, limo chini ya tumbo. Zinabaki sentimita 2. Akiongezeka abiria mmoja wa nyuma, au gari likitikisika kidogo, chuma hukutana na saruji.

Matuta yote mawili yana kimo kimoja. La kwanza humfanya dereva apunguze mwendo na kuendelea. La pili humfanya atafute njia ya kulikwepa. Jambo hili tutalirudia tutakapofika kwenye wajibu wa jamii.

Namna ya kuvuka

Dereva wa gari la chini anatakiwa kufanya mambo yafuatayo kwa utaratibu.

Kwanza, atazame mbali. Tuta huonekana kwa rangi yake, kwa alama iliyo kando ya barabara, au kwa jinsi magari yaliyotangulia yanavyoinuka. Anayeliona mapema hana haja ya kukata breki kwa ghafla na kumshtua anayemfuata.

Pili, amalize kupunguza mwendo kabla ya kufika. Gari likiwa linafunga breki, uzito wake huenda mbele na pua huinama. Dereva anayefunga breki akiwa amekwisha kulifikia tuta analishusha gari lake kwa mguu wake mwenyewe, mahali palepale anapohitaji kimo. Inafaa afikie mwendo wa mtu anayetembea, yaani takribani kilomita 5 kwa saa, kisha aachie breki wakati magurudumu ya mbele yanapoanza kupanda.

Tatu, asiongeze mwendo magurudumu ya mbele yanaposhuka. Gari linaloshuka kwa kasi hubonyea kwenye springi zake, na mabonyeo hayo hula sentimita zilizobaki. Asubiri magurudumu ya nyuma yashuke na gari litulie.

Nne, kama tuta ni baya na gari limejaa, abiria washuke, wavuke kwa miguu kando ya barabara na wapande tena mbele, mahali pasipo hatari. Hakuna fedheha katika jambo hili. Mtu mmoja mzima huweza kuwa na uzito wa kilo 70, na watu watatu wakishuka gari huinuka.

Tano, kama gari lina kifaa cha kuinua pua, kama baadhi ya magari ya kisasa ya michezo, akitumie mapema, gari likiwa katika mwendo mdogo, na si wakati bampa limekwisha kugusa.

Kwenye barabara za udongo pana jambo la ziada. Malori huchimba mikondo miwili ya magurudumu na kuacha kigongo katikati. Gari la chini likifuata mikondo hiyo, kigongo hulikamata tumboni. Barabara ikiwa tupu na dereva akiona mbali, aweza kupandisha gurudumu moja juu ya kigongo na jingine kwenye ukingo mgumu, akaenda kwa mwendo wa miguu. Mvua ikiwa imenyesha, asijaribu. Udongo mwekundu ukilowa huteleza, na gari litarudi mkondoni kwa pigo. Katika miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, ni afadhali kuliacha gari la chini mahali pa ulinzi karibu na lami na kumalizia safari kwa njia nyingine.

Kuingia kwa mshazari

Madereva wengi wamefundishwa kwamba gari la chini huvuka kwa mshazari. Ushauri huu una ukweli, lakini una mipaka yake. Kwenye mpando wa kuingilia uani, mshazari husaidia pua. Mpando ule wa sentimita 20 kwa mita tuliousema, ukipandwa kwa mshazari wa nyuzi 45, huwa kama mpando wa sentimita 14 kwa mita. Ardhi iliyo chini ya bampa itainuka chini ya sentimita 13, na bampa lenye sentimita 14 litapita, ingawa kwa nafasi ndogo sana.

Lakini kwenye tuta la barabara ya umma mambo ni tofauti. Ili kupata mshazari wa kutosha, gari huingia upande wa wanaokuja. Isitoshe, kwa tuta fupi linalogusa tumbo, mshazari mdogo hausaidii sana, kwa kuwa tuta bado litafika katikati ya gari magurudumu yote yakiwa chini. Dereva amechukua hatari ya kugongana uso kwa uso ili apate nafuu ndogo. Tunasema wazi: mshazari ni wa mlango wa uani, baada ya kutazama pande zote mbili na kuwapisha wapita njia. Kwenye tuta la barabara, dawa ni mwendo mdogo ndani ya upande wako.

Kulia na kushoto

Wakazi wa mipakani wanajua kwamba nchini Rwanda tunaendesha upande wa kulia, na kwamba Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto. Anayevuka daraja la Rusumo hubadilisha upande. Penye barabara iliyonyooka, dereva hukumbuka. Penye jambo la ghafla, kama tuta asilolitarajia, mikono hufuata mazoea ya zamani. Dereva aliyezoea kushoto, akikwepa tuta kwa haraka, aweza kujikuta amerudi upande aliojifunzia, mbele ya lori.

Kuna jambo lingine. Gari lenye usukani wa kulia likiwa Rwanda, dereva wake hukaa upande wa ukingo wa barabara. Anauona mtaro vizuri, lakini hawaoni vyema wanaokuja, hasa akiwa nyuma ya gari kubwa. Gari la michezo humkalisha chini zaidi. Dereva wa namna hiyo ana sababu mbili za kutotoka upande wake: haoni mbali, na mazoea yake yaweza kumdanganya.

Mambo matatu tusiyoyavumilia

La kwanza ni kupita pembeni ya tuta. Mara nyingi tuta huishia kabla ya mtaro, na hapo hubaki njia nyembamba. Njia hiyo ni ya waenda kwa miguu. Wamewekewa tuta hilo ili wapate kuvuka kwa usalama, na dereva anayelikwepa kwa kuwapitia wao amegeuza kinga yao kuwa mtego.

La pili ni kuacha mawe barabarani. Dereva aliyekwama huomba mawe na mbao, huziweka chini ya magurudumu ili gari liinuke, kisha huvuka na kwenda zake. Usiku huja mwendesha pikipiki mwenye abiria, na taa yake huliona jiwe akiwa amekwisha kulifikia. Mawe yaliyookoa bampa yaweza kumvunja mtu mgongo. Aliyeweka jiwe ndiye mwenye wajibu wa kuliondoa, na aliyemsaidia kuliweka amkumbushe kabla hajaondoka.

La tatu ni kukata springi. Vijana wengine hupenda gari lao lionekane la michezo, wakaenda kwa fundi wa kandokando ya njia akakata mizunguko ya springi kwa moto. Gari hushuka, lakini springi iliyokatwa hukaa vibaya katika kikombe chake, moto hudhoofisha chuma chake, na shokamzoba hukosa nafasi ya kufanya kazi. Tairi laweza kugusa bati kwenye kona. Gari la namna hiyo lina udhaifu wa gari la chini bila ubora wake wowote. Mafundi wanaotusoma tunawaomba wakatae kazi hiyo. Wenye magari wakumbuke pia kwamba ukaguzi wa kiufundi wa magari huangalia magurudumu, breki na mfumo wa springi.

Funzo kutoka Safari Rally

Pengine msomaji atauliza: je, gari la michezo haliwezi kabisa barabara zetu? Historia ya Afrika Mashariki ina jibu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, mshindi alikuwa ndani ya Datsun 240Z, ambayo kwa asili ni gari la michezo la milango miwili. Mwaka 1973 dereva wake alikuwa Shekhar Mehta wa Kenya, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1978 kampuni ya Porsche ilileta gari lake la 911 SC likiwa limeinuliwa hadi kimo cha takribani sentimita 28, na moja likamaliza katika nafasi ya pili.

Magari hayo yaliandaliwa kwa safari hiyo. Yaliimarishwa springi na shokamzoba, yakawekewa bamba nene la chuma chini ya injini, na yakafuatwa na mafundi njia nzima. Waandaaji walikubali kwamba barabara haitabadilika kwa ajili ya gari, kwa hiyo wakalibadilisha gari. Anayetaka kutumia gari la michezo mitaani kwetu ana njia mbili za halali: alikinge na kuliinua kwa kazi ya fundi stadi, au achague barabara na mwendo unaolifaa. Kumhamishia hatari mpita njia si mojawapo.

Gari likigusa, likivuja au likikwama

Mlio wa kukwaruza bampa ni hasara ya rangi. Mlio mzito wa katikati ni jambo jingine. Dereva asimame mahali salama, awashe taa za tahadhari, aweke pembetatu inayoakisi mwanga, kisha atazame chini bila kuingia uvunguni. Tone jeusi au la kahawia chini ya injini laweza kuwa mafuta kutoka sampu iliyopasuka. Taa nyekundu yenye umbo la kopo la mafuta ikiwaka, injini izimwe papo hapo, kwa kuwa injini isiyo na mafuta huharibika kwa dakika chache. Akihisi kanyagio la breki limelainika, asiendelee hata mita moja, kwani baadhi ya paipu za breki hupita chini ya gari.

Mafuta yaliyomwagika kwenye lami yafunikwe kwa mchanga mkavu, kisha mchanga huo uzolewe. Tairi la pikipiki likipita juu ya mafuta hayo kwenye mteremko, huanguka bila onyo.

Harufu ya petroli ikisikika, watu wote wakae mbali, pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu, na asitokee mtu wa kukinga kwa ndoo. Kwa magari ya umeme, ambayo yanazidi kuonekana Kigali, betri kwa kawaida hukaa chini ya sakafu. Pigo kubwa tumboni mwa gari la namna hiyo litazamwe na fundi anayelijua, hata kama gari bado linatembea.

Gari likikwama juu ya tuta au ukingo wa mtaro, wanaosaidia wasisimame upande wa chini wa mteremko, wala asiwepo mtu kati ya gari na ukuta. Asiingie mtu uvunguni wakati wenzake wanainua kwa mikono. Kusaidia ni utu, na mwenye gari atashukuru kwa namna aonavyo. Kumzuia asiondoke mpaka alipe ni kosa. Pakiwa na aliyeumia, au barabara ikiwa imefungwa, pigeni simu polisi: 113 kwa ajali za barabarani, au 112 kwa dharura nyingine. Gari la wagonjwa linaloelekea Hospitali ya Masaka haliwezi kusubiri mjadala wa nani alipe bampa.

Wajibu wa jamii

Tumeahidi kurudi kwenye tuta fupi. Tunaelewa kwa nini wakazi hulijenga. Magari hupita kwa kasi, mtoto amenusurika jana, na mzazi hataki kusubiri kesho. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, hesabu tuliyoifanya imeonyesha kwamba tuta lisilo na vipimo humsukuma dereva mbaya kuelekea palepale watoto wanapopita. Usiku, likiwa halina rangi wala alama, huwaangusha wa pikipiki na baiskeli, ambao hawana hatia. Gari la wagonjwa nalo hulazimika kusimama kabisa, na aliyelala ndani akiwa amevunjika mfupa huhisi kila pigo.

Njia iliyo bora ni hii. Wakazi wajadili mahali penye hatari katika mkutano wa umudugudu, waandike ni wapi, saa ngapi na watoto wa shule gani huvuka hapo, kisha wapeleke ombi kwa viongozi wa akagari na umurenge ili wataalamu wa barabara wapime. Wakati wanasubiri, polisi wa eneo waweza kuombwa kusimama hapo saa za shule. Katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi zinazowafaa wote ni kuzibua mitaro, kufyeka majani yanayoficha alama, kujaza makorongo na kuondoa mawe yaliyoachwa. Barabara ya udongo ambayo maji yake yana pa kwenda haichimbiki upesi, na isipochimbika hakuna dereva atakayetafuta njia ya pembeni.

Kampeni ya Gerayo Amahoro, ambayo Polisi ya Taifa ya Rwanda iliianzisha mwaka 2019, ina maana ya kufika kwa amani. Amani hiyo ni ya anayeendesha, anayetembea na anayekaa kando ya njia kwa pamoja. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Dereva wa gari la chini akiupunguza mwendo, akabaki upande wake na akaondoa jiwe aliloliweka, jirani zake hawatakuwa na sababu ya kulichukia gari lake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja mahali patatu ambapo gari la chini hugusa ardhi. Ni sehemu gani ya gari huumia katika kila mahali?

2. Kwa nini matuta mawili yenye kimo kimoja yaweza kuwa na madhara tofauti? Elezeni kwa kuchora mchangani.

3. Katika mtaa wenu, ni tuta gani ambalo madereva hulikwepa kwa kupita njia ya waenda kwa miguu? Nani atapeleka taarifa, na kwa kiongozi gani?

4. Dereva mgeni amekwama na anaomba mawe. Mtamsaidiaje, na mtahakikishaje kwamba barabara inabaki safi akiondoka?

5. Mnaoishi karibu na mpaka, mtamkumbusha nini dereva anayetoka upande wa pili kabla hajaingia kwenye barabara yenye matuta?